Nani Ameshika Mizani ya Chakula?

Ijumaa ya Septemba 16, 2011, maaskofu Wakatoliki wa England na Wales waliirudisha desturi ambayo waumini wao wengi walikuwa wameshazoea kuishi bila hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 1980, Mkatoliki wa huko aliruhusiwa kujichagulia mwenyewe toba ya Ijumaa: aongeze sala, atoe sadaka, ajinyime kitu anachokipenda. Kuanzia siku ile toba ikawa moja kwa wote, nayo ni kutokula nyama. Lilikuwa tangazo la imani, si la mazingira.

Miezi minne baadaye, Januari 2012, katika nchi hiyo hiyo, Tesco, kampuni kubwa kuliko zote za supamaketi Uingereza, ilitangaza kwamba inaachana na mpango wake wa kuandika kiasi cha kaboni kwenye bidhaa. Mpango huo ulianza kwa mbwembwe Januari 2007, pale mkuu wa kampuni, Terry Leahy, alipoahidi kwamba bidhaa zote 70,000 za Tesco zitapewa lebo ya kumwonyesha mnunuzi ni gesi joto kiasi gani imetolewa mpaka kitu kile kikafika mkononi mwake. Miaka mitano ikapita. Bidhaa zilizopata lebo zilikuwa takriban 500. Kuipima bidhaa moja tu kulikula miezi ya kazi, na maduka shindani yaliyotarajiwa kufuata nyayo hayakufuata. Kwa mwendo ule, kuzimaliza rafu zote kungechukua miaka 700.

Matukio hayo mawili hayakuhusiana kwa lolote, lakini yakiwekwa bega kwa bega yanasema jambo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha hesabu ya yale yaliyofuata baada ya tangazo la maaskofu. Ni asilimia 28 tu ya Wakatoliki waliosema wamebadilisha mlo wao wa Ijumaa, na wengi kati ya hao hawakuacha nyama kabisa, walipunguza. Hata hivyo watafiti walikadiria kwamba badiliko hilo dogo liliepusha zaidi ya tani 55,000 za hewa ukaa kila mwaka. Hapakuwa na namba kwenye pakiti wala rangi kwenye rafu. Palikuwa na siku ya wiki, na watu waliokubaliana kuhusu siku hiyo.

Kwa yeyote anayetafuta namna ya kuwasaidia walaji wachague chakula chenye madhara madogo kwa mazingira, hapo pana swali la kifalsafa ambalo linatangulia maswali yote ya kitaalamu. Je, kumjulisha mtu ni sawa na kumwajibisha?

Lebo za mazingira zimejengwa juu ya imani kwamba ni sawa, au angalau vinakaribiana. Imani hiyo ina ushahidi wake. Mwaka 2019 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa Adrian Camilleri na wenzake ulioonyesha kwamba watu hukadiria madhara ya chakula chini mno ya ukweli. Walipowekewa lebo iliyogeuza gesi joto kuwa dakika za taa kuwaka, wengi zaidi walichukua supu ya mboga wakaiacha ya ng'ombe. Miaka mitatu baadaye, huko Marekani, watu zaidi ya 5,000 walipewa mtandaoni menyu ya mgahawa wa baga. Pale ambapo vyakula vya nyama ya ng'ombe viliwekewa alama nyekundu ya onyo, waliochagua chakula chenye madhara madogo waliongezeka kwa asilimia 23.5 kuliko walioona menyu isiyo na alama ya tabianchi. Pale ambapo vyakula vizuri ndivyo vilivyowekewa alama ya kijani, ongezeko lilikuwa asilimia 9.9 tu. Inaelekea mtu huogopa kuonywa kuliko anavyotamani kusifiwa, jambo ambalo mhubiri yeyote mzoefu angewaeleza watafiti hao bila malipo.

Ila hao waliagiza kwenye skrini. Hawakulipa, hawakula, na hakuna mtoto aliyekuwa akiwavuta nguo akidai baga.

Afrika Mashariki lebo ya maadili kwenye chakula si kitu kigeni. Nembo ya halali ipo kwenye soseji, kwenye kuku wa kugandishwa, hata kwenye bidhaa ambazo hazijawahi kukaribiana na nyama. Muislamu wa Mombasa au wa Tanga anapoitazama hapigi hesabu yoyote. Anajua kuna watu, Bakwata upande wa Tanzania, Kenya Bureau of Halal Certification upande wa Kenya, ambao kazi yao ni kuuliza, kukagua na kuweka muhuri. Alama inamwambia ale. Isipokuwepo, naye akawa na shaka, anairudisha pakiti rafuni bila kujadiliana sana na nafsi yake. Nyuma ya alama ile ndogo ipo jumuiya nzima inayokubaliana kwamba mpaka upo, na kwamba anayeuvuka anajua ameuvuka.

Lebo ya mazingira haina mpaka wa namna hiyo. Eco-Score, iliyozinduliwa Ufaransa Januari 2021 na kundi la wadau wakiwemo Yuka na Open Food Facts, inakipa chakula herufi moja kati ya tano, kuanzia A ya kijani hadi E nyekundu. Fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, nayo ina hukumu tano: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Anayezifahamu ataona mara moja kwamba E nyekundu, pamoja na ukali wake wote, haifiki kwenye haramu. Inaishia kwenye makuruhu: ukikiacha chakula hicho umefanya vyema, ukikila hujatenda dhambi. Makuruhu humgusa mtu anayeamini kwamba yupo Anayeiona tofauti kati ya aliyeacha na asiyeacha. Mnunuzi wa Lyon aliyesimama peke yake mbele ya jokofu la nyama saa moja jioni, akiwa na njaa na kikapu nusu, anaulizwa jambo zito na karatasi isiyo na mtu nyuma yake.

Viongozi wa dini wameliona pengo hilo, ingawa hawakulijia kwa mlango wa lebo. Mwaka 2009 Papa Benedict XVI aliandika katika waraka wake Caritas in Veritate kwamba anayenunua hafanyi jambo la kiuchumi pekee, anafanya pia tendo la kupimwa kimaadili. Papa Francis alilirudia wazo hilo mwaka 2015 katika Laudato Si'. Agosti mwaka huo huo wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Istanbul walitoa azimio lao kuhusu tabianchi, na Februari 2024 waraka mrefu zaidi, Al-Mizan, ulizinduliwa Nairobi wakati wa mkutano wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Wapo Waislamu wanaosema sasa kwamba kuuliza kama chakula ni halali ni nusu ya swali, kwa kuwa Qurani inakitaka kiwe pia twayyib, kizuri na safi. Kuku aliyechinjwa kwa kisu kikali na bismillahi, lakini aliyelishwa soya kutoka msitu uliofyekwa, wanataka naye aulizwe alikotoka.

Hoja ni nzuri. Lakini dini zilipofaulu kubadilisha sahani, hazikufaulu kwa hoja. Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo nchini Ethiopia linawataka walei wafunge siku zipatazo 180 kwa mwaka, bila nyama, bila maziwa, bila mayai. Jumatano na Ijumaa zimo, Kwaresima imo. Matokeo yake ni kwamba Addis Ababa kuna mapishi kamili ya dengu, shiro na mboga, ya kupendeza kuliko chakula kingi cha mimea kinachouzwa Ulaya kwa bei ya kuruka, na mikahawa hubadilisha menyu zake kufuata kalenda. Mtu hahitaji kuamua kila anapokaa mezani. Uamuzi ulishafanywa, na wanaomzunguka wanaufuata.

Hapo ndipo wanafalsafa wanapoingia, kwa sababu swali la mlaji aliye peke yake limewasumbua kwa miongo kadhaa. Walter Sinnott-Armstrong, katika insha ya mwaka 2005, alimchukua mtu anayeendesha gari lake kubwa Jumapili kwa starehe tu, akahoji kama safari ile moja inamdhuru yeyote. Jibu lake lilikuwa kwamba ni vigumu mno kuonyesha kuwa inadhuru. Wajibu mzito ni wa kuisukuma serikali itunge sheria. Ukimhamishia hoja hiyo mnunuzi wa nyama, kilo moja aliyoiacha haimrudishii ng'ombe uhai wake.

Derek Parfit alikuwa ameshaliona shimo hilo mwaka 1984, katika kitabu chake Reasons and Persons. Aliwafikiria maelfu ya majeruhi wanaokufa kwa kiu jangwani, na maelfu ya watu wengine, kila mmoja na chupa yake ya maji. Maji yote yanamiminwa kwenye tangi moja yakagawiwe sawa. Chupa yako ikikosekana, hakuna majeruhi hata mmoja atakayehisi tofauti. Je, una ruhusa ya kubaki nayo? Mswahili alilijibu hilo zamani kwa haba na haba, lakini Parfit alitaka zaidi ya kibaba kujaa. Alitaka tukiri kwamba kitendo kinaweza kuwa kibaya kwa sababu ni sehemu ya vitendo vingi ambavyo kwa pamoja vinadhuru, hata kama chenyewe hakionekani. Shelly Kagan aliongeza mwaka 2011 hesabu ya bucha: mwenye duka haagizi kuku mmoja mmoja, anaagiza kwa kreti, tuseme la kuku 25. Wanunuzi 24 hawabadilishi kitu. Wa 25 ndiye anayesababisha simu ipigwe, na hakuna ajuaye wa 25 ni nani.

Tofauti kati ya Sinnott-Armstrong na Parfit si mchezo wa vyuo vikuu. Ukikubaliana na wa kwanza, lebo ni njia ya kumtwisha mnunuzi mzigo wa serikali na viwanda, na historia inampa nguvu: kikokotoo cha nyayo za kaboni za mtu binafsi kilipata umaarufu kuanzia 2004 kwa msaada mkubwa wa BP, kampuni ya mafuta, ambayo bila shaka ilifurahi kuona watu wakihesabu nyayo zao wenyewe badala ya zake. Ukikubaliana na wa pili, lebo ndiyo inayokuonyesha tangi ambalo chupa yako inaingia. Pande zote mbili zina haki kiasi. Ila hata Parfit, ukimsoma vizuri, anazungumzia watu wanaojua kwamba wenzao nao wanamimina, na hilo lebo haikwambii. Inakwambia gramu zako tu.

Tukubali basi kwamba lebo ina kazi. Bado hatujauliza inapima nini.

Kwa tofauti kubwa hakuna ubishi. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa data za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama hutoa kwa wastani kilo 50 hivi za gesi joto. Protini kiasi hicho hicho kutoka kwenye njegere haifikii nusu kilo. Pengo kama hilo halihitaji nukta za desimali. Matatizo huanza lebo inapojaribu kuamua kati ya kuku na kuku.

Ufaransa walilijua hilo kwa uchungu. Sheria yao ya Agosti 22, 2021 iliagiza lebo ya mazingira iandaliwe, na msingi wa kisayansi ulikuwepo tayari: Agribalyse, hifadhidata ya umma yenye vyakula karibu 2,500, ambayo hufuata kila chakula tangu shambani hadi mezani na kugawanya madhara yake kwa kilo. Sasa mchukue kuku wa kawaida wa kiwandani, anayechinjwa akiwa na siku 35 hadi 40. Muweke karibu na kuku wa nembo ya ubora ya Label Rouge, ambaye kanuni zinadai aishi angalau siku 81 na atoke nje akadonoe. Huyu wa pili amekula zaidi, amekanyaga ardhi zaidi, na nyama yake si nyingi kwa kulinganisha. Kwa kilo, anashindwa. Yule aliyesongamana bandani bila kuona jua ndiye anayepata alama nzuri ya mazingira. Mama yeyote wa Dodoma au Kisumu anayelipa zaidi ili apate kuku wa kienyeji badala ya wa kisasa angeambiwa na hesabu hiyo kwamba anaharibu dunia.

Eco-Score ilijaribu kuliponya jeraha hilo kwa kuongeza pointi kwa bidhaa za kilimo hai na kukata kwa zile zinazotishia misitu. Taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kilimo hai ikaja na lebo yake, Planet-score, inayotenganisha viuatilifu, bioanuwai, tabianchi na namna mnyama alivyofugwa. Mashirika ya kilimo hai yakaenda hadi mahakamani kulalamikia jina la Eco-Score lenyewe, na mwaka 2024 likabadilishwa kuwa Green-Score. Nguo zilipata utaratibu wao wa serikali; chakula kikabaki kwenye majadiliano.

Wengine huliona sakata hilo kama ushahidi kwamba wataalamu hawajamaliza kazi, kwamba data zikiongezeka ugomvi utaisha. Hautaisha. Kugawanya kwa kilo ni uamuzi wa kimaadili uliovaa koti la maabara. Ukigawanya kwa hekta, kuku wa nje anapanda. Ukihesabu mateso, anapanda zaidi. Ukihesabu njaa ya watu bilioni 8 na ardhi isiyoongezeka, anashuka tena. Wakulima wa viazi wa Njombe wanalijua tatizo hili kwa jina la lumbesa: gunia linashonewa kilemba juu mpaka linazidi ujazo wake, bei inabaki ya gunia moja, na hesabu ya mnunuzi ni sahihi kabisa. Magunia yamehesabiwa bila kosa. Wizi umefanyika kabla ya kuhesabu, pale ilipokubaliwa gunia ni nini. Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na ni ajabu kwamba mijadala ya lebo za kijani haitaji mara nyingi uovu huo wa kale sana wa sokoni.

Ng'ombe wa wafugaji wa kuhamahama ni lumbesa ya aina hiyo. Ripoti ya FAO ya mwaka 2013 kuhusu mifugo na tabianchi iliweka wazi kwamba gesi joto kwa kila kilo ya nyama iko juu sana katika maeneo kama Afrika kusini mwa Sahara, kwa kuwa ng'ombe hukua taratibu kwenye malisho makavu na wengi hufa mapema. Kwa kilo, ng'ombe wa Mmasai ni mchafuzi kumshinda yule wa Ulaya anayelishwa nafaka. Kwamba hakuna msitu uliofyekwa kumlisha, kwamba anafanyishwa kazi, anakamuliwa, anatolewa mahari na kuuzwa ada ya shule inapodaiwa, hayo hayana safu kwenye jedwali.

Mwaka 2007 mjadala huu ulifika Kenya kwa ndege, au tuseme kwa picha ya ndege. Tesco na Marks & Spencer walianza kubandika alama ya ndege kwenye mazao yaliyosafirishwa kwa anga, na Soil Association, shirika kubwa la kilimo hai Uingereza, likafikiria hadharani kuyanyima cheti mazao ya namna hiyo. Mishiri ya Kirinyaga ikajikuta kizimbani. Ni maharage machanga membamba, huchumwa kwa mkono yakiwa laini, hupangwa kwa urefu na wanawake waliovaa kofia nyeupe, hukatwa ncha, hufungwa, na usiku hupakiwa kwenye ndege Nairobi, mara nyingi chini ya viti vya abiria ambao wangesafiri kwa vyovyote.

Alama ile haikusema uongo. Kusafirisha tani ya chakula kwa ndege hutoa gesi joto mara 50 hivi kuliko kwa meli kwa umbali ule ule. Lakini katika hesabu ya Poore na Nemecek ndege hubeba asilimia 0.16 tu ya safari zote za chakula duniani, na hakuna aliyependekeza picha ya banda lenye joto la gesi kwa mazao ya Ulaya ya wakati wa baridi. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Cranfield kililinganisha waridi 12,000 kutoka Kenya, safari ya ndege ikiwemo, na waridi 12,000 kutoka Uholanzi. Ya Kenya yalitoa kilo 6,000 za hewa ukaa. Ya Uholanzi kilo 35,000. Mawaridi hayaliwi, ni kweli, na mishiri haikui kwenye mabanda ya joto, kwa hiyo mfano huo hauisafishi moja kwa moja. Unaonyesha tu jinsi picha moja ya ndege inavyoweza kumfanya mtu mwema wa Leeds aamini ameshafikiri.

Wakenya walihoji kwa haki. Mwingereza wa wakati ule alitoa takriban tani 9 za hewa ukaa kwa mwaka. Mkenya hakufikisha nusu tani. Ni nani basi aanze kupunguza, na kwa nini aanze kwa kuacha kitu kinachomlipa mwenzake mshahara? Benedict XVI, katika aya ile ile aliyozungumzia maadili ya kununua, alitaka ziwepo njia za kuuza mazao ya maeneo maskini ili wazalishaji wapate kipato cha haki. Lebo ya ndege ilichukua nusu ya kwanza ya wazo na kuiacha ya pili. Hatimaye, Oktoba 2007, Soil Association haikuyafukuza mazao ya anga. Ilielekea kuyadai yatimize viwango vya biashara yenye haki.

Katika historia hii yote, mafanikio ya wazi kabisa ya lebo hayakutokea machoni mwa mnunuzi. Pakiti ya krispi za Walkers za jibini na kitunguu ilikuwa ya kwanza kubeba lebo ya kaboni ya shirika la Carbon Trust nchini Uingereza, mwaka 2007, ikiwa na nyayo ndogo nyeusi na maandishi ya gramu 75. Hakuna mla krispi aliyejua gramu 75 ni nyingi au kidogo. Lakini wapimaji waliporudi nyuma kwenye mnyororo waligundua kichekesho: kiwanda kilinunua viazi kwa uzito, kwa hiyo wakulima walivihifadhi kwenye maghala yenye unyevu ili visikauke, halafu kiwanda kikatumia nishati ya ziada kukaanga mpaka maji hayo yatoke. Mkulima alitumia umeme kuyabakiza maji, kiwanda kikatumia gesi kuyaondoa, na kila mmoja alikuwa na akili timamu. Dawa ilikuwa kubadili mkataba, walipe kwa kiazi kilichomo na si kwa maji. Dhamiri ya mnunuzi haikuguswa popote. Aliyesoma lebo akatubu alikuwa kiwanda.

Huenda hilo ndilo tunalopaswa kulitarajia zaidi, na kuacha kumsimamisha kila mnunuzi kizimbani mbele ya jokofu. Mtengenezaji hajui aibu ya mtu binafsi, lakini anajua kuona E kwenye bidhaa yake na B kwenye ya jirani. Anazo data, anao wahandisi, na uamuzi wake mmoja ni kreti nyingi za Kagan kwa pamoja. Mtu huyo huyo ndiye anayejua pia kupaka rangi ya kijani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: mwaka 2020 Tume ya Ulaya ilikagua madai ya kimazingira kwenye bidhaa ikakuta asilimia 53 ni ya utata, ya kupotosha au hayana msingi. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maagizo yanayoanza kutumika Septemba 27, 2026, yanayopiga marufuku kuiita bidhaa haina kaboni kwa sababu tu muuzaji amelipia miti ipandwe kwingine, na kuzuia nembo yoyote ya uendelevu isiyotoka kwa mamlaka ya umma au kwenye mfumo wa uthibitishaji unaokaguliwa na mtu wa tatu.

Sharti hilo la mwisho lina maana kwa Afrika Mashariki, ambako ipo nembo iliyotengenezwa kwa imani tofauti. Kilimohai ni alama ya kilimo hai ya ukanda huu, inayotokana na kiwango cha pamoja kilichopitishwa mwaka 2007. Mkulima wa mchicha hana fedha za kumwita mkaguzi wa kimataifa, kwa hiyo kiwango hicho kinaruhusu vikundi ambamo wakulima wenyewe hutembeleana. Wanaingia shambani kwa mwenzao na orodha ya maswali, wanatazama mbolea ni ya nini, wanaangalia kama dawa ya jirani wa upande wa juu inateremka na maji ya mvua, wanakubaliana au wanakataa. Wanunuzi nao wanaweza kushiriki. Anayedanganya hadanganyi ofisi; anadanganya watu atakaokaa nao msibani. Ni karibu zaidi na Ijumaa ya maaskofu kuliko na pakiti ya Tesco.

Kwa masoko ya Nairobi, Arusha na Kampala ushahidi huo unatosha. Kwa mnunuzi wa Ulaya hautoshi, kwa kuwa jirani si mtu wa tatu: ana maslahi, anamjua mkulima, huenda ni shemeji yake. Katika mahakama ya kadhi shahidi huulizwa kwanza kama ni mwadilifu. Katika mfumo wa Brussels huulizwa kama hahusiani na anayeshuhudiwa. Kikundi cha wakulima kinachotaka kuuza mboga zake huko kama za kilimo hai kinalazimika kumlipa mkaguzi kutoka nje, na gharama hiyo inaingia kwenye bei kabla mboga haijaondoka shambani.